Kijana wa marehemu rafiki yangu ameiba spana, nimemchapa, ametoroka: nimrudishe vipi kazini?

Swali: Mimi ni fundi pikipiki, nina gereji ndogo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nina miaka 51 na vijana wawili wanaojifunza kazi kwangu. Mwezi uliopita bibi mmoja wa Ujiji aliniletea mjukuu wake wa miaka 16, mtoto wa marehemu rafiki yangu. Aliacha shule kidato cha pili, akaenda kuvua dagaa Katonga karibu mwaka mzima, akarudi na bangi na ugomvi. Wiki mbili za kwanza alikuwa mzuri kuliko wenzake. Wiki ya tatu nikagundua ameuza spana namba 17 na plagi mbili mpya. Nilimchapa mbele ya wenzake, akapotea siku mbili. Jana jioni nimemwona amesimama ng'ambo ya barabara, haingii. Nimemwambia aje Jumatatu. Mama watoto anasema niachane naye. Sitaki, baba yake alinisaidia sana. Lakini nikimlegezea, hawa wengine watanipanda kichwani. Mimi mwenyewe nililelewa kwa fimbo, na samaki hukunjwa angali mbichi. Nifanyeje?

Jibu: Fundi, pole na kazi, na hongera kwa kutomfungia mlango.

Anza na ulichokiona mwenyewe: amerudi. Kijana aliyekwisha kukata tamaa na wewe hasimami mahali unapoweza kumwona. Angekuwa Katonga, akisubiri giza liingie apande mtumbwi. Huyu anataka kuingia na hajui ataingiaje bila kuaibika zaidi. Kazi yako ya Jumatatu ni kumpa njia ya kuingia. Ukimpokea kana kwamba hakuna kilichotokea, atajua kwamba kwako mambo hayana uzito. Ukimpokea kwa kumwaibisha upya mbele ya watu, safari ijayo hatasimama ng'ambo ya barabara.

Ukali wako usiuache. Vijana wa namna hii humchezea mtu mpole asiye na mpaka, na wanajua wanamchezea, na moyoni hawamshukuru. Ninachokuomba ni ukali unaotabirika: ajue leo kwamba akifanya jambo hili, kitatokea hiki, na kitatokea vile vile ukiwa umeshiba au una njaa, wateja wawepo au wasiwepo. Halafu kuna vitu vitatu ambavyo havikatwi kamwe, hata siku aliyokukosea vibaya: salamu yako ya asubuhi, sahani yake ya chakula, na nafasi yake ya kukaa pale gereji. Vingine vyote, yaani vyombo, fedha, funguo, injini, atavipata kwa kustahili. Ukichanganya mafungu haya mawili, ukamnyima ugali kwa sababu ameharibu kazi, au ukampa funguo kwa sababu unamwonea huruma, utakuwa umempoteza kwa upande mmoja au mwingine.

Sasa fimbo. Usimchape tena, na sababu yangu kubwa ni ya hesabu. Kijana aliyezoea kipigo hukichukua kuwa malipo. Ameiba, amepigwa, mmelipana. Spana haijarudi, plagi hazijarudi, lakini kichwani mwake deni limefutika, na sasa anaona wewe ndiye unayedaiwa kwa aibu uliyompa. Ulitaka ajue mali ya mtu ina bei. Alichojua ni kwamba ina maumivu, na maumivu anayaweza. Amekesha ziwani kwenye upepo, ngozi yake imezoea. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, na inakataza adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha. Unasema ulilelewa kwa fimbo ukatoka mtu. Naamini. Lakini mkumbuke vizuri aliyekuchapa: je, jioni hukula kwake? Je, hukujua kwamba kesho yupo? Kilichokujenga ni hicho, na kijana huyu hana mtu wa namna hiyo ila bibi yake aliyechoka. Na samaki wa methali yako hukunjwa, hapigwi. Anayemkunja hutumia vidole na hana haraka.

Jumatatu, kabla hajafika, zungumza na wale wenzake wawili. Maneno machache: "Anarudi. Atalipa. Hakuna wa kumwita mwizi hapa." Usiwaeleze zaidi. Akifika, msalimie kama ulivyowasalimia wao, wanywe chai pamoja, mihogo au chapati, chochote mlichozoea, na habari ya spana isitajwe. Kisha mpe kazi rahisi yenye mwisho unaoonekana, mathalani tyubu mbili za kuziba. Mazungumzo yaje kabla ya chakula cha mchana, pembeni, nyote wawili mmekaa. Usikae wewe ukamwacha amesimama, hapo mtakuwa kituo cha polisi. Dakika kumi zinatosha.

Katika dakika hizo anza na lako: "Nilikuchapa mbele ya watu. Nilikosea, sitarudia." Usiongeze neno "lakini". Likifuata tu, radhi imekufa, naye atasikia lile la nyuma. Na kwa kuwa aliaibishwa mbele ya wenzake, sentensi hiyo hiyo uiseme tena jioni mbele yao mkifunga kazi. Unaogopa watakupanda kichwani. Watakachokiona ni mkubwa anayelipa deni lake kabla ya kudai la mwingine, na kesho hakuna atakayekataa kulipa la kwake. Baada ya radhi, deni: "Spana na plagi ni za kulipa, na utalipa hivi." Mwisho muulize swali moja tu, hela alizifanyia nini, kisha nyamaza. Usijaze ukimya. Jibu lake lina maana kwako kuliko wizi wenyewe. Akisema bibi hakuwa na unga, hilo ni tatizo la chakula. Akisema bangi, tutalizungumza chini. Akisema kuna mtu anamdai na kumtishia, basi usalama wa kijana uko hatarini, na deni hilo inabidi lijulikane na mtu mzima mwingine, bibi yake au mwenyekiti wa mtaa, kabla wiki haijaisha.

Kuhusu kulipa, piga hesabu mbele yake kwenye daftari. Tuseme spana na plagi mbili ni shilingi 18,000, na posho yake ni 3,000 kwa siku. Mkate 750 kila siku. Hizo ni siku 24 za kazi, wiki nne za siku sita. Usikate zaidi ya robo ya posho. Fundi wengi wenye hasira hukata nusu au zote ili limalizike haraka, kijana anarudi nyumbani mikono mitupu, na wiki haiishi anaiba tena. Mpe karatasi yenye mistari 24, kila jioni afute mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya 24 karatasi inachanwa, na kuanzia hapo jambo la spana halitajwi tena na mtu yeyote, wewe ukiwa wa kwanza. Kama anamjua aliyemuuzia, nendeni pamoja mkaikomboe. Azungumze yeye, wewe simama tu karibu. Spana ikirudi, punguzeni thamani yake kwenye deni siku hiyo hiyo.

Upande wa vyombo, acha kutegemea macho yako. Chukua kipande cha plaiwudi, kitundike ukutani, piga misumari, kisha chora kwa rangi umbo la kila spana mahali pake, kuanzia namba 8 hadi ya mwisho uliyo nayo. Pengo likiwepo linaonekana kutoka mlangoni. Hesabu ifanywe mara mbili, kabla ya chakula cha mchana na kabla ya kufunga, kwa zamu, na anayehesabu aandike jina lake. Inawahusu wote watatu, kwa hiyo hakuna anayeshukiwa. Mafundi wengine humtegea kijana: wanaacha noti ya elfu tano juu ya meza ili "kumpima". Usifanye hivyo. Akiichukua, umemfundisha kuiba. Asipoichukua na akagundua ulimtegea, umemfundisha kwamba hata ukitabasamu unamwinda.

Nataka nikae kidogo kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wewe una dawa ambayo sisi wa ushauri nasaha hatuna. Maisha ya kijana huyu yamehukumiwa na hasira za watu: mwalimu aliyekasirika, nahodha wa mtumbwi aliyekasirika, sasa na wewe. Amejifunza kusoma nyuso, hajajifunza kusoma kazi. Gereji ina mahakimu wasio na uso. Karai la maji ni mmoja wao.

Mfundishe kuziba tyubu kama vile hajawahi kuona. Atoe upepo wote, abandue tairi upande mmoja, avute tyubu, aijaze upepo kiasi, aizamishe kwenye karai kipande kwa kipande na kutia alama panapotoka mapovu. Aifute ikauke kabisa. Akwangue kwa msasa eneo kubwa kidogo kuliko kiraka. Apake solusheni nyembamba na angoje, dakika tano hivi, mpaka ikiguswa na kidole inanata bila kuchafua. Abandike kiraka, akikandamize kuanzia katikati kwenda kingoni. Kabla ya kurudisha tyubu apitishe vidole taratibu ndani ya tairi atafute msumari au mwiba uliosababisha yote. Vijana wenye vurugu kichwani hukosea mahali pawili, karibu wote: hubandika solusheni ingali mbichi, na husahau kutafuta msumari. La kwanza ni kukosa subira, la pili ni kutibu jeraha na kukiacha kilichojeruhi. Wewe usimhubirie. Tyubu irudi kwenye karai. Mapovu yakitoka, sema neno moja, "Rudia." Yasipotoka, sema "Haivuji," umkabidhi nyingine. Maji hayamchukii wala hayampendelei, na ndani ya wiki mbili utaona anaanza kukagua kazi yake kabla hajakuletea.

Ukifika wiki ya tatu au ya nne mwongezee kazi zenye kipimo. Cheni ni nzuri sana kwa hili. Apime kwa rula inavyopanda na kushuka katikati ya upande wa chini. Kwa pikipiki nyingi za bodaboda mchezo wake huwa kati ya milimita 20 na 30, na aipime gurudumu likizungushwa mahali kadhaa, kwa sababu cheni hailegei sawasawa na ukiikaza kwa kufuata mahali palipolegea, palipokaza pataumia. Alama za kushoto na kulia za mhimili wa nyuma zilingane. Kisha kumwaga oili: injini ipashwe moto dakika mbili tatu, oili imwagike yote, washa ya bolti ikaguliwe, oili mpya ipimwe, ambayo kwa nyingi ni lita moja au karibu, halafu aangalie kijiti cha kupimia pikipiki ikiwa imesimama wima. Plagi asafishe na kupima nafasi ya cheche kwa fila, vile vibao vyembamba vya kupimia, 0.6 hadi 0.8 ya milimita kulingana na pikipiki. Breki asiziguse peke yake kabla ya mwezi wa tatu, na akizigusa wewe uzikague kila mara, maana hapo kosa lake linalipwa na mtu mwingine njiani. Hana leseni, kwa hiyo hajaribii pikipiki ya mteja barabarani hata mita hamsini. Vijana wako wengine nao wasio na leseni sheria iwe hiyo hiyo.

Namna ya kusema. Kosa moja, sentensi moja, ndani ya saa hiyo hiyo, na iwe juu ya kitu: "Bolti hii haijakazwa." Ukisema "wewe huwa hujali", umeiacha bolti umemshika yeye, naye atajitetea, na bolti italegea mkiwa mnabishana. Usirudi nyuma kwenye spana ya mwezi uliopita. Usimlinganishe na wenzake. Mteja akiwepo, chukua chombo mkononi mwake, maliza kazi, umrekebishe mteja akishaondoka, isipokuwa kama kuna hatari; penye hatari piga kelele upendavyo. Na kazi ikiwa nzuri, itaje kwa kipimo: "Cheni imekaa milimita ishirini na tano, pande zote sawa." Sifa za jumla kama "unajitahidi" haziamini, amezisikia kwa watu waliomwacha. Kipimo hawezi kukikataa, kwa sababu amekisoma mwenyewe.

Kuna jambo moja usilitumie kamwe kumpigia: baba yake. "Baba yako angekuona leo" ni fimbo kuliko fimbo. Lakini habari za baba yake ni hazina uliyo nayo wewe, na huenda mjini hapa umebaki mmoja wa wachache. Mpe kidogo kidogo, katikati ya kazi, bila somo lolote ndani yake: alipenda kula nini, alikuwa akicheka vipi, alikuwa akiogopa nini, mlifahamiana wapi. Mambo madogo ya kweli, hata yasiyo ya sifa. Kijana aliyefiwa akiwa mdogo mara nyingi anabaki na picha ya marehemu asiye na kosa, na mbele ya picha hiyo yeye daima ni mkosaji. Usimlazimishe kuzungumza. Siku atakayouliza swali mwenyewe, hata mko katikati ya injini, jibu kwanza, injini itasubiri.

Sasa posho na ziwa. Mvuvi wa dagaa amezoea kugawana asubuhi baada ya kazi ya usiku. Ukimwambia kijana aliyetoka huko kwamba atalipwa mwisho wa mwezi, kwake ni sawa na kumwambia hatalipwa. Mlipe kila jioni, hata kama ni kidogo. Wiki ya tano, deni likishaisha, mwombe aendelee kuiacha ile 750 kama akiba, imeandikwa kwenye daftari lake, aichukue siku ya kumi na tano na ya mwisho wa mwezi. Usingizi wake pia bado ni wa ziwani. Mtu aliyekesha mwaka mzima hawezi kuanza kulala saa nne usiku kwa kuambiwa. Itachukua wiki kadhaa, na asubuhi za mwanzo atakuwa mzito na mkorofi. Kuchelewa kwake kupime kwa kipimo kimoja: akifika baada ya chai, chai imekwisha, kazi ipo, kelele hazipo.

Angalia kalenda ya mwezi, Fundi. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika siku za mbalamwezi, na ndizo siku ambazo rafiki zake wa Katonga wako nchi kavu hawana la kufanya. Vivyo hivyo ziwa linapofungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa mwaka 2024 kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, vijana wengi hurudi mitaani kwa mpigo. Ikitokea akayumba, kuna uwezekano mkubwa iwe siku hizo. Panga mapema: jioni za mbalamwezi awe na jambo la kumfikisha nyumbani moja kwa moja, kumpelekea bibi mboga au mkaa, au kwenda mpirani na mmoja wa wenzake unayemwamini. Usimkataze rafiki zake kwa majina. Ukifanya hivyo watakuwa mashujaa.

Bangi. Akija macho mekundu, maneno mazito, mikono inachelewa, usimrudishe nyumbani. Huko ni kumpa likizo na wale wale. Abaki gereji, anywe maji, ale, asafishe sakafu na kuosha vipuri, mbali na breki, moto na injini inayozunguka, na siku hiyo posho iwe nusu. Lisemwe mapema ili lisionekane ni kisasi. Akiamua kuacha, jua kwamba wiki ya kwanza ndiyo ngumu: hasira za ghafla, kukosa usingizi, ndoto mbaya, kukosa hamu ya kula. Mara nyingi hupungua ndani ya wiki mbili hivi. Wiki hiyo mpunguzie lawama ndogo ndogo, usimpunguzie kazi. Na kama anazungumza peke yake, anasikia sauti, anaamini watu wanamfuata, hilo limepita uwezo wa gereji. Apelekwe hospitali ya mkoa, Maweni, mkaulizie huduma ya afya ya akili. Vivyo hivyo akisema afadhali afe, au ukiona anajidhuru. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo, na wengi hupumua kwa kuulizwa. Siku hiyo asiachwe peke yake.

Atapotea tena. Nakuambia sasa ili siku hiyo usidhani yote yameharibika. Siku ya kwanza mpigie bibi simu uhakikishe yuko hai. Siku ya pili nenda mwenyewe umtafute mara moja, umwambie "Kazi ipo, chai ni saa mbili," uondoke bila kungoja jibu. Usitume vijana wenzake wamlete kwa nguvu. Akirudi, mlolongo ni ule ule wa Jumatatu: salamu, chakula, karai, mazungumzo. Posho ya siku alizokosa haipo, na haijadiliwi. Mara nyingi kutoroka kwa pili ni kupima kama ile radhi yako ilikuwa ya kweli.

Haya yote yaandikeni ukurasa mmoja, mbele ya bibi yake na mwenyekiti wa mtaa au mzee mmoja wa Ujiji anayeheshimiwa naye. Muda wa kazi, mapumziko, posho, malipo ya deni, nini kitafuata akivunja, na nini wewe hutafanya, likiwamo la fimbo. Kijana asiyesoma tena shule saa sita za kazi kwa siku na saa moja ya kupumzika zinamtosha, na sheria inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, hivyo asikusaidie pikipiki za usiku hata akitaka, wala asilale gereji kama mlinzi. Bibi apewe nakala. Asipojua kusoma, msomeeni kwa sauti.

Imani ipande ngazi, isiruke. Kwanza elfu moja akanunue nati na kurudisha chenji. Baada ya wiki mbili bila kasoro, elfu tano na risiti. Mwezi wa tatu afungue gereji asubuhi ukiwa umesimama karibu, kisha bila wewe. Ikitokea kasoro, ashuke ngazi moja tu, asiangushwe mpaka chini.

Mambo mengine usiyabebe. Akitoa kisu, akiuza bangi pale gereji, au akimgusa mtoto, usikae naye ukitafakari: mwone Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, na simu ya 116, ya huduma kwa mtoto, ni bure. Hata ukimsimamisha, mwambie tarehe ya kuja kuzungumza. Na akitulia mkaanza kufikiria mbele, njia zipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina mpango wa vijana walio nje ya shule, IPOSA, unaochanganya masomo na ufundi. Lakini usimtajie vyeti mwezi huu. Sasa hivi akiweza kufika siku sita mfululizo, amefanya kazi kubwa.

Mama watoto usimpuuze. Anaona hatari ambayo wewe huioni kwa sababu ya baba wa kijana. Mweleze mpango wote, muda wake ni siku 90, na mkubaliane mapema ni jambo gani likitokea mtasimama. Mwombe pia awe jicho la pili juu yako: akiona umeanza kurudi nyumbani kimya, huli, unamwota kijana huyu, akuambie. Utakuwa umechoka, na fundi aliyechoka hurudi kwenye fimbo.

Kabla hajafika Jumatatu una kazi tatu ndogo: chora ubao wa spana, zungumza na wale vijana wawili, na uandae karatasi yenye mistari 24. Tyubu mbili ziwe tayari, moja yenye tundu dogo lisiloonekana bila karai.